Mwezi Ndani ya Kifuniko

6 Januari

Mvua tangu alfajiri. Nimemaliza milango miwili ya bweni la wasichana. Baba amepitisha kidole gumba kwenye kila kiungo, kama kawaida yake, na alipofika bawaba ya chini akasema mbele ya mteja, "Hapa panapita mende." Pale hapapiti hata uzi. Mteja akacheka. Baba akamwambia, "Mlango nimeuunda mwenyewe. Binti nilimwachia kupaka rangi tu, ndiyo maana."

Baba ana miaka miwili hajashika randa. Kila kitanda na kila kabati lililotoka karakana hii tangu wakati huo ni la mikono yangu, mimi Zuwena, na mjini Tabora wanasema mzee Shomari bado yumo.

Nimeanza daftari hili kwa sababu maneno yangu hayana pengine pa kwenda.

9 Januari

Mvua. Mbao hazikauki.

12 Januari

Amekuja Nasri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi lenye ghorofa mbili. Shikamoo ya kwanza baba hakuijibu. Ya pili akaitikia "marahaba" kama anayetema kokwa.

Nasri ndiye mwenyekiti wa kamati ya mwezi ya msikiti wetu. Kamati ina mwaka mmoja. Kabla yake, kwa miaka thelathini na minane, hapakuwa na kamati, alikuwapo baba. Alikuwa akisimama nyuma ya stesheni jioni ya tarehe ishirini na tisa, anatazama magharibi, na mtaa mzima ukifunga au ukifungua kwa neno lake.

Sasa shemeji yake Nasri anayefanya kazi Maskati ameleta darubini: bomba jeupe lenye urefu wa mkono na nusu, lenzi kubwa mbele, kioo kidogo cha kuchungulia nyuma. Imekuja na miguu yake, lakini kila wakiisimamisha inaanguka.

"Nataka dada Zuwena aiangalie," Nasri akasema.

Baba akajibu, "Mimi ndiye fundi hapa."

"Basi uiangalie wewe, mzee."

Nilimwona Nasri akimtazama baba machoni, kwa muda mrefu kuliko adabu. Nadhani leo amejua.

14 Januari

Kosa nimelipata. Miguu ile imetengenezwa kwa ajili ya nchi za mbali huko kaskazini. Kichwa chake huinamishwa kulingana na mahali ulipo duniani. Kwao kinakaa mshazari, lakini Tabora tuko digrii tano tu kusini ya ikweta, kwa hiyo kinalala chali kama mgonjwa. Kikilala hivyo, kile chuma cha kusawazisha kinagonga mguu, uzito wote unahamia upande mmoja. Leo bomba limepinduka na nimelidaka kwa tumbo. Nina alama.

Nitaunda stendi nyingine ya mninga. Miguu mitatu minene, bamba la chuma katikati kuishika isitanuke, na juu uma wa mbao unaoruhusu bomba kupanda na kushuka, kwenda kushoto na kulia. Mwezi mchanga hauhitaji zaidi ya hapo.

Kitabu cha maelekezo ni cha Kiingereza. Nimekisoma na simu pembeni ya kutafsiria. Miguu husimama kwanza, ikatanuliwa mpaka mwisho, ikapimwa kwa pima maji isiinamie upande. Kisha kichwa. Bomba huja mwisho kabisa, na mkono haubanduki chini yake mpaka pete zote mbili zimekazwa. Kuna ukurasa mmoja umeandikwa kwa wino mwekundu: bomba lisielekezwe kwenye jua hata kwa nukta moja, na mchana lisiachwe wazi bila mtu. Kifuniko kikae mdomoni mwake mpaka jua lizame lote. Ukurasa huo nimeusoma mara tatu.

19 Januari

Leo ishirini na tisa Rajabu. Kamati ilikutana juu ya slabu ya Nasri, mahali ambapo ghorofa ya tatu haijajengwa. Baba alipanda ngazi akiwa ameshika bega langu, akasema anashika kwa sababu ya goti.

Nasri alitangaza kwamba kuanzia Ramadhani watatumia darubini. Baba akasimama. Nayaandika maneno yake kama yalivyokuwa.

"Mwezi huandama kwa jicho alilopewa Adamu, si kwa kioo cha kuletewa na shemeji. Na mwezi wa mji huu hautangazwi na kila mtu. Sisi wazee wetu walikuwa na nyumba Kwihara, misafara ikilala kwao. Huyu babu yake aliingia mji huu na kamba shingoni, amefungwa pamoja na pembe za ndovu alizobeba. Leo mjukuu wa pembe atuambie lini tufunge?"

Watu kama thelathini. Wote walisikia. Imamu akasema, "Mzee Shomari, muogope Mungu." Nasri alikuwa ameshika funguo, akazisogeza moja moja kwenye pete yake mpaka akazimaliza.

Jua lilipozama kulikuwa na mawingu mazito. Baba akanyoosha kidole. "Ule pale. Umeandama." Hakuna mwingine aliyeuona. Kidole chake kilielekea mnara wa simu, kaskazini. Jua lilikuwa limezama magharibi, kusini kidogo. Imamu alipokea neno lake, kwa heshima ya miaka, na Shaabani ikaanza.

Sikusema kitu. Nani angenishukuru?

23 Januari

Mninga umefika kutoka Ulyankulu, kwa Anakleti muuza mbao. Mbao kavu, nzito, harufu nzuri. Leo nilikuwa na furaha kwa saa nzima.

31 Januari

Stendi imekamilika. Nimeipanda kwa miguu yangu mwenyewe, nikaruka juu yake. Haikutoa sauti.

Baba akaja na kidole gumba. Alianzia chini, mguu hadi mguu, akapita kwenye kila kiungo, akafika kwenye uma. Akarudia. Nilingoja mende. Mende hakuja. Nilidhani, nikiwa na miaka yangu arobaini na mmoja, kwamba leo nitasikia neno.

Nasri alipokuja kuichukua, baba akamwambia, "Nimeiunda mwenyewe. Nilitaka uone kazi ya mtu aliyezaliwa na ufundi."

3 Februari

Baba amejikata kwa patasi aliyokuwa akiitafuta kwa kupapasa. Hospitalini muuguzi, Advera jina lake, alifunga jeraha kisha akamulika macho yake kwa tochi ndogo.

"Mzee, una mtoto wa jicho, pande zote mbili. La kulia limekomaa. La kushoto bado linaona kidogo, sivyo? Tarehe tisa na kumi mwezi wa tatu wanakuja madaktari wa macho. Ni operesheni ya robo saa, unarudi nyumbani unaona."

"Macho yangu ni mazima," baba akasema. "Hospitali yenu ndiyo ina giza."

Advera akanitazama mimi. Nikatazama sakafu.

8 Februari

Mvua ya mawe. Mahindi ya jirani yamelala.

11 Februari

Shangazi Mwanamkuu, dada yake baba, amekuja na asali ya Sikonge. Ameniambia, "Mwanangu, kaka yangu anakutesa kwa sababu wewe ndiye unayemjua." Nikamwambia kama ni hivyo, bora asingejulikana na mtu.

17 Februari

Naandika polepole ili nisijidanganye.

Ishirini na tisa Shaabani. Nilipanda slabuni saa kumi na moja kuisimamisha darubini, kwa sababu Nasri haruhusu mtu mwingine. Miguu, pima maji, kichwa, bomba, pete. Nikaifunga miguu kwenye vyuma vya nguzo kwa kamba, maana kulikuwa na upepo. Manyunyu yakaanza, nikahakikisha kifuniko kimekaa mdomoni. Ni cheusi, kipana kama sahani ya chai.

Watu walijaa, labda hamsini. Baba alikuja, ingawa nilimwomba asije. Alivaa kanzu yake ya Idi.

Kalenda za wanajimu zilisema leo mwezi hauwezi kuonekana popote, umri wake ni saa nne tu. Nasri alijua. Imamu naye alijua, alikuja kwa ajili ya Sunna. Jua lilizama, mawingu yakapasuka kidogo upande wa magharibi. Nilisogea nitoe kifuniko. Nasri akaweka mkono wake juu ya mkono wangu.

"Ngoja kwanza, dada," akasema kwa sauti ya chini. Kisha kwa sauti ya kusikika: "Mzee Shomari ndiye mkubwa wetu, na stendi hii ameiunda yeye. Sisi wengine hatuwezi kumtangulia. Mzee, karibu, tufungulie darubini."

Watu wa mbele walikiona kifuniko. Walitazamana. Mmoja akaziba mdomo kwa kofia yake.

Baba akaja kwa hatua ndogo, mkono mbele. Nasri akamwongoza mpaka kwenye kioo cha kuchungulia, akamshika kichwa kwa upole kama kinyozi. Baba akafumba jicho la kulia, akaweka la kushoto.

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Mkono wangu ulikuwa juu ya mguu wa stendi. Kulikuwa na muda wa kusema. Nimeuhesabu: mtu angeweza kusema "Baba, kifuniko" mara kumi. Nilichokuwa nikikisikia kichwani mwangu ni sauti yake, "Nimeiunda mwenyewe." Nikanyamaza.

"Unaonaje, mzee?" Nasri akauliza.

"Nimeuona."

"Alhamdulillahi. Ukoje?"

"Mwembamba. Umelala chali. Pembe zake zimetazama juu."

"Mkubwa au mdogo?"

"Kama ukucha."

"Uko tayari kuapa?"

Imamu akasema, "Nasri, inatosha." Lakini baba alikuwa ameshaanza. Aliapa. Jicho likiwa bado kwenye kioo, aliapa kwa jina la Mungu kwamba ameuona mwezi wa Ramadhani.

Nasri akaenda mbele ya bomba, akakivuta kifuniko. Kilitoa sauti ndogo ya plastiki. Akarudi, akakiweka kwenye kiganja cha baba.

"Shika, mzee. Mwezi wako huu hapa."

Baba akakipapasa kwa kidole gumba. Akazunguka ukingo wake wote. Alipoelewa, sikuuona uso wake ukibadilika, niliona shingo tu, ikishuka ndani ya kola. Ndipo kicheko kikaja. Si wote waliocheka, lakini waliocheka walitosha. Mtu akasema kwa nyuma, "Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunafuturu kwa hesabu ya kipofu?"

Nasri hakucheka. Alisema, taratibu, "Mjukuu wa pembe amekusaidia kuona."

Nilimshusha baba ngazi, vidato ishirini na sita. Kanzu yake ilikuwa imeloa manyunyu na imemganda mgongoni, nikaona jinsi alivyokonda. Nilitaka kumhurumia. Kilichokuja kwanza kilikuwa raha, na nilikiacha kikae mpaka mlangoni.

18 Februari

Mwezi umeandama. Mkubwa, mweupe, wameuona hata waliokuwa sokoni wakifunga mabanda. Hakuna aliyehitaji darubini. Baba hakutoka nje.

19 Februari

Ramadhani mosi. Baba alifuturu kwa maji, akalala.

22 Februari

Wateja wawili wameulizia kama ni kweli baba haoni, na ni nani basi aliyeunda vitanda vyao. Nilisema ni mimi. Mmoja akasema atakwenda kukikagua chake upya.

26 Februari

Wakati wa daku, baba alisema bila kunitazama, "Kaniandikishe kwa yule muuguzi."

Nilikwenda asubuhi. Advera alimwandika wa kumi na tisa. "Mwambie asiwe na wasiwasi," akasema, "hilo la kushoto hasa litarudi vizuri sana." Nilipomwambia baba, aliuliza, "Vizuri kiasi gani?" Nikasema, vya kutosha kuona uzi kwenye tundu la sindano. Akauliza tena jioni, kwa maneno yale yale. Zaidi ya hayo hatusemeshani.

1 Machi

Tufani. Mabati ya karakana yameinuka kama kurasa.

3 Machi

Nasri ameleta stendi. Tufani iliibamiza ukutani, bolti moja imepinda, uma umelegea. Ameleta na darubini yenyewe, ndani ya sanduku, nijaribu nikimaliza. Alisimama mlangoni muda mrefu.

"Mzee yupo?"

"Yupo. Hataki watu."

"Dada Zuwena, ile siku nilijua nafanya nini. Kinachonisumbua ni kwamba wewe pia ulijua."

Akaenda. Nilimchukia kwa hilo kuliko kwa lile la kwanza.

5 Machi

Nilibadilisha bolti, nikakaza uma. Saa kumi na moja hivi niliisimamisha stendi uani, nikaweka bomba. Kuona kama inatulia, lazima utazame kitu cha mbali, kwa hiyo nilitoa kifuniko, nikaielekeza kwenye tangi la maji la stesheni, upande wa mashariki. Ilitulia. Niliweza kuhesabu misumari ya ngazi yake. Baba alikuwa amekaa barazani, mkeka wake ukiwa kwenye kivuli.

Mteja akabisha hodi mlango wa mbele. Nilikwenda. Kifuniko kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Mteja alitaka kujua kama stuli zake ziko tayari. Mazungumzo hayakuchukua dakika tano.

Nikamsikia baba akiita.

"Zuwena! Zuwena, njoo! Nimeuona!"

Nilikimbia. Alikuwa amesimama nyuma ya darubini, mikono yote miwili imekumbatia bomba. Alikuwa ameligeuza upande wa magharibi, upande ambao uso wake ulihisi joto, upande aliotazama maisha yake yote. Jua lilikuwa juu ya paa la jirani, kali, limeoshwa na mvua. Jicho lake la kushoto lilikuwa kwenye kioo.

"Mweupe, mwanangu," alisema. "Mweupe pee. Duara lote. Kumbe kweli unaonekana."

Mwanangu. Sikumbuki mara ya mwisho.

Nilimvuta kwa nguvu, tukaanguka wote wawili. Kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Ilikuwa kope yake. Stendi haikutikisika hata kidogo. Niliitengeneza vizuri.

"Kwa nini unaniondoa?" akasema, akicheka. Alikuwa anacheka, amekaa kwenye matope, mkono juu ya jicho. "Haiumi hata kidogo. Bado nauona. Hata nikifumba nauona."

Nilimwambia lilikuwa jua. Hakuelewa, au hakutaka. Amefuturu vizuri leo, tende tatu na uji bakuli zima, akimwambia shangazi Mwanamkuu kwamba Nasri atajua kumbe jicho lake la kushoto ni zima, siku ile tatizo lilikuwa kifuniko tu.

6 Machi

Alfajiri ameniita. Amesema katikati kumekuwa na shimo jeusi. Akitazama uso wangu, uso hakuna, kuna masikio tu.

7 Machi

Shimo liko pale pale.

10 Machi

Madaktari wa macho. Foleni ilianza kabla ya kucha, watu wa Bukene, wa Sikonge, wengine wamelala kwenye nyasi. Advera alituona mbali akatabasamu. Nilimweleza. Tabasamu lake likaisha.

Daktari alimtazama baba kwa chombo chake kwa muda mrefu. Kisha akanieleza mimi, kama vile baba hayupo. Jicho la kulia, neva yake ilikufa zamani kwa presha ya jicho. Kulifungua hakungefaa kitu. La kushoto ndilo lililokuwa la kuokoa. "Mtoto wa jicho tungemtoa leo. Lakini nyuma yake, pale hasa panapoona, pameungua. Ni kama kusafisha dirisha la chumba kilichoteketea."

"Kwa hiyo?" baba akauliza.

"Kwa hiyo utaona mwanga pembeni, mzee. Hutasoma, hutatambua mtu."

"Kama nisingechungulia?"

Daktari alikuwa kijana, hakujua kwamba maswali mengine hayajibiwi. "Kama usingechungulia, kesho ungekuwa unasoma gazeti."

Nje, waliofanyiwa jana walikuwa wanafunguliwa bandeji. Bibi mmoja alikuwa anapiga vigelegele na kumwita kila mtu kwa rangi ya nguo yake: wewe wa bluu, wewe wa njano. Tulipita katikati yao.

11 Machi

Nasri amekuja na magunia ya mchele na maneno. Alilia. Baba akasema kutoka ndani, "Mwambie karakana imefungwa."

13 Machi

Baada ya futari baba alisema, "Zuwena, kaa."

Nilikaa.

"Siku ile kwa Nasri. Kifuniko nani alikiweka?"

"Mimi. Kwa sababu ya manyunyu."

"Nasri aliponiita, ulijua kwamba bado kimo mdomoni mwa bomba?"

Mvua ilikuwa imekatika, kila kitu kilisikika. Ningeweza kusema nilisahau.

"Nilijua, baba."

"Ulikuwa mbali?"

"Nilikuwa karibu yako. Mkono wangu ulikuwa kwenye stendi."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepimiwa ubao akakuta kipimo ni kile kile alichokitegemea. "Na juzi hukuniambia habari ya jua kwenye kioo."

"Tulikuwa hatusemeshani."

"Kweli," akasema. "Tulikuwa hatusemeshani."

Nilimwomba msamaha. Akasema nimpelekee mto.

16 Machi

Mvua kidogo. Stuli sita.

19 Machi

Ishirini na tisa Ramadhani. Nilipanda slabuni kwa sababu Nasri alisema bila mimi hataigusa. Wachache tu walikuja. Anga safi upande wa magharibi, mstari mwembamba wa wingu chini kabisa. Nilingoja jua lizame lote, nikangoja tena, ndipo nikatoa kifuniko.

Nilitafuta kwa dakika kama kumi na tano. Kulikuwa na rangi ya machungwa, kisha kijivu. Halafu palikuwapo uzi. Si ukucha, ni mwembamba kuliko hapo, kama unyoya uliokatika katikati. Niliondoa jicho, nikarudisha. Bado upo. Sijapata kuona kitu chochote kikiwa peke yake namna ile.

"Upo," nikasema.

Nasri akaja mbio, akachungulia. Imamu akachungulia. Wengine wakachungulia. Niliushika uma ili bomba lisihame. Wingu lilikuwa limeshaanza kupanda. "Sioni," Nasri akasema. "Wallahi nataka kuona, sioni." Hakuna aliyeona.

Imamu akasema mwezi wa Idi hauthibiti kwa shahidi mmoja, na mwanamke peke yake hatoshi. Mtu akamnong'oneza Nasri kwamba akisema tu naye ameuona, na mwingine mmoja, kesho mji unakula. Nasri alikuwa amemwaga mafuta ya sikukuu kwenye masufuria tangu mchana, wageni wake wa Urambo wameshafika.

"Nakuamini, dada Zuwena," aliniambia. "Lakini sikuuona. Siwezi kuapa kwa nisichokiona."

Mtu huyu huyu. Nilikunja stendi nikiwa sijui nimchukie vipi tena.

Redioni nako wamesema haukuonekana. Wamekamilisha thelathini.

Nyumbani baba alikuwa macho, amekaa kitandani. "Vipi?"

"Niliuona. Mimi peke yangu."

"Kwa yakini?"

"Kwa yakini."

Akaongea kwa sauti aliyokuwa nayo zamani, watu walipokuwa wakija kumuuliza. "Aliyeuona mwezi wa Idi kwa jicho lake, kesho yake ni haramu kwake kufunga. Hata kama mji mzima umefunga. Utakula. Ila ule ndani, usilete fitina."

"Na wewe, baba?"

"Asiyeuona, akimwamini aliyeuona, hula pamoja naye."

Nilingoja. Alinyoosha shuka lake, akatafuta ukingo kwa vidole, akajifunika mpaka kifuani.

"Mimi nitafunga," akasema.

20 Machi

Nimeamka, nimeoga, nimevaa gauni jipya, nikavaa juu yake aproni ili nisionekane. Nimechemsha chai jikoni, mlango nimeufunga. Kulikuwa na mhogo na kipande cha samaki kilichobaki. Niliukata mhogo vipande vidogo na kutafuna polepole, lakini nyumba yetu ina vyumba viwili na ukuta wa katikati haufiki juu. Kijiko kilipogusa kikombe, mkeka wa baba barazani ulitoa sauti, akijigeuza.

Nilikula vyote. Ilikuwa Idi yangu.

Akauliza kutoka nje, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Basi niletee maji nitawadhe. Leo Ijumaa."

Nikampelekea ndoo na kata. Nilimmiminia maji mikononi, kisha usoni, akaosha macho yote mawili kwa uangalifu, mara tatu kila moja. Nilimpeleka mpaka mlango wa msikiti. Barabara ilijaa watu waliofunga. Tulipofika kizingitini alitoa mkono wake begani kwangu, akapapasa hewa, akashika nguo ya mtu mwingine, akaingia naye.